Anayefungua kufuli yake mezani sio mwizi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nitoe dukuduku langu. Wiki iliyopita mlitoa barua ya mzee wangu mmoja wa Ipagala, hapahapa Dodoma, aliyesema hawa vijana wanaojifunza kufungua vitasa bila funguo wakamatwe mapema kabla hawajaanza kuingia majumbani mwa watu. Namuelewa kabisa. Mtu umejenga kwa jasho lako, umeweka geti, umeweka grili dirisha zote, afu unasikia kuna watu jumapili wanakaa mezani wanashindana nani atafungua kufuli bila funguo, lazima roho ishtuke. Ila mi ni fundi vitasa na funguo, kibanda changu kiko karibu na soko la Majengo, na hiyo meza ya jumapili na mimi huwa nakaa, kwahiyo naomba nieleze tunachofanya pale na kwanini naamini kinamsaidia mwenye nyumba kuliko kinavyomuumiza.

Nianze na wezi wenyewe maana ndo hofu kubwa. Kazi yangu nyingi ni kuitwa asubuhi baada ya watu kuibiwa, nikabadilishe kitasa au nirekebishe mlango, na kwenye milango yote niliyoitwa sijawahi kukuta hata mmoja ambao mwizi alikaa akaufungua kwa ufundi wa sindano, yaani kile kichuma chembamba tunachoingiza kwenye tundu la funguo. Nachokuta ni fremu imechanwa na nondo, kufuli imekatwa na mkasi wa vyuma, pete ya kufuli imeng'olewa na skrubu zake kwasababu fundi wa mlango aliweka skrubu fupi kwenye mbao laini, au bati limefunuliwa wakashukia darini. Na kuna wizi ambao mlango unakuta mzima kabisa hauna hata mkwaruzo, hapo watu wanasema uchawi au funguo malaya, ukiuliza vizuri unakuta nyumba ni ya kupanga, mpangaji wa kwanza aliondoka na kopi, wa pili nae alichonga kopi ya dada wa kazi, na kitasa ni kilekile tangu nyumba ijengwe. Mwizi hana muda wa kukaa mlangoni na sindano anasikiliza pini, anataka kuingia na kutoka. Ufundi tunaoufanya sisi unataka utulivu, mwanga na muda mrefu, vitu ambavyo mwizi hana.

Sasa tunafanya nini pale mezani. Chukua kitasa cha kawaida cha silinda au kufuli ya funguo bapa. Ndani kuna kijisilinda kinachozunguka na funguo, na kuna matundu matano au sita yamejipanga kwenye mstari, kila tundu lina pini mbili zimepandana na springi inazisukuma chini. Bila funguo, zile pini za juu zinakaa nusu ndani ya kijisilinda nusu nje, ndo zinazokizuia. Ukiingiza funguo sahihi, vilima na mabonde yake vinainua kila jozi mpaka pale pini mbili zinapokutana panalingana na ukingo wa kijisilinda, hapo hakuna kinachokwama, mlango unafunguka. Wazo lenyewe la pini ni la kale, Misri ya zamani walikuwa na vitasa vya mbao vya namna hii, afu Mmarekani Linus Yale akapata hati miliki ya kitasa chake cha pini mwaka 1848, na mwanae aliyeitwa jina hilohilo akakiboresha miaka ya 1860 kwa funguo ndogo bapa, ile ambayo wewe msomaji unayo mfukoni sasa hivi.

Kinachofanya kitasa hiki kifunguke bila funguo ni kwamba hakuna kiwanda duniani kinachoweza kutoboa matundu sita yakakaa kwenye mstari mmoja bila kupishana hata kidogo. Yanapishana, sehemu ndogo sana ya milimita, jicho halioni ila chuma kinahisi. Kwahiyo ukikaza kijisilinda kidogo kwa kipande cha chuma, kuna pini moja itabanwa kabla ya wenzake. Unaitafuta kwa sindano, unaiinua taratibu, ikifika ukingoni unasikia tik ndogo na kijisilinda kinasogea kidogo mno, hapo pini nyingine nayo inabanwa, unaitafuta hiyo, hivohivo mpaka zinaisha. Hakuna nguvu. Wanaoanza wote wanakaza sana, wanakaza mpaka kidole kinakuwa cheupe, na ukikaza hivo pini zote zinabanwa kwa pamoja huwezi kusikia chochote, mkono unatakiwa uwe mwepesi kama unavyoshika kifaranga. Vifaa tunatengeneza wenyewe, ule ukanda wa chuma ulio ndani ya mpira wa waipa ya gari ni mzuri sana, na upanga wa hekso ukisagwa vizuri kwenye jiwe unatoa sindano nzuri tu, kufuli inabanwa kwenye vaisi na mtu anakaa nayo jioni nzima.

Hiyo ni kufuli ya kawaida. Utamu wenyewe uko kwenye vitasa vya usalama wa juu na hapa naomba mhariri usinikatie maana hapa ndo watu wanauziwa mbuzi kwenye gunia. Kiwanda kikijua kwamba watu wanasikiliza pini, kinaanza kuchonga pini za kudanganya. Kuna pini ya kiuno, nene juu na chini, nyembamba katikati. Kuna ya uyoga, kuna ya meno meno ambayo imechongwa mifereji midogo kuizunguka. Ukiinua pini ya kiuno, kijisilinda kinazunguka nyuzi chache kama kimekubali, mtu mgeni anafurahi anasema tayari, kumbe kile kiuno ndo kimekaa ukingoni na kitasa kimefungwa bado. Ukirudi kuzigusa pini moja moja, kuna moja ukiibonyeza utahisi kijisilinda kinarudi nyuma kinakusukuma kidole, hiyo ndo yenyewe, inabidi ulegeze mkono kidogo tu ukiruhusu kirudi, pini ipite, na ukilegeza zaidi ya hapo zote ulizozipanga zinaanguka unaanza mwanzo. Kuna kijana wetu mmoja, mwanafunzi wa ufundi umeme, alikaa na silinda moja ya namna hii jumapili kwa jumapili hadi akajua kwa mkono kila pini yake ina tabia gani, na siku ilipofunguka hakupiga kelele wala nini, aliifunga tena akaanza upya kuhakikisha haikuwa bahati. Mtu wa namna hiyo ndo mzee wangu anataka akamatwe.

Juu ya hapo kuna vitasa ambavyo kuinua pini peke yake hakutoshi. Medeco, kampuni ya Marekani iliyoanza mwaka 1968 huko Virginia, pini zake zina ncha ya mshazari na funguo imekatwa kwa mshazari, kwahiyo kila pini inainuliwa na wakati huohuo inazungushwa, kushoto au kulia au inabaki katikati, na ubavuni mwa pini kuna mfereji, na kuna kipau cha pembeni kinachozuia kijisilinda kisizunguke, ambacho hakiingii mpaka mifereji yote imekiangalia. Hapo unapambana na mambo mawili kwa mpigo, kimo na mzunguko, na ukigusa moja unaharibu lingine. Mul-T-Lock wa Israel, walioanza mwaka 1973, wao wameweka pini ndani ya pini, ile ya ndani ina springi yake na ya nje ina yake, funguo yake haina meno ina vishimo. ASSA wa Sweden wana safu ya pini za kawaida na safu nyingine ya pembeni na kipau chake. Na ukienda Finland utakuta Abloy, huyu hana pini kabisa wala springi, ana visahani vinavyozunguka, ni ubunifu wa Emil Henriksson mwaka 1907, na kwa vumbi letu hili la Dodoma mi naona kitasa kisicho na springi kina faida kubwa sana, maana springi nyembamba ikishaingiliwa na vumbi na mtu akamwagia mafuta ya kula ili ilainike, ndo basi tena, inakuwa gundi. (Msimwage mafuta ya kula kwenye vitasa jamani, unga wa penseli unatosha.)

Hivi vitasa vya juu vinafunguka, ndio, watu wenye mikono wanavifungua, ila ni saa na masaa na wengine wanashindwa. Na kuna kitu kingine ambacho ni muhimu kuliko hata pini, funguo zake huwezi kuchonga kibandani kwangu. Funguo mbichi haziuzwi ovyo, nyingi zinakuja na kadi, na bila kadi fundi halali hakuchongei. Kwa mji kama huu, ambao tangu serikali ilipoanza kuhamia nyumba za kupanga zimejaa Kisasa, Ilazo, Nkuhungu mpaka Ihumwa, na watu wanahama na kuhamia kila baada ya miezi, hilo jambo la kopi ni kubwa kuliko ujanja wowote wa sindano. Kama huna hela ya kitasa cha namna hiyo, basi mpangaji akitoka badilisha silinda tu, sio kitasa kizima, ni skrubu moja ndefu pembeni ya mlango, unaitoa, unaingiza funguo, unazungusha kidogo, silinda inatoka. Na wenye apatimenti wanaopenda funguo moja inayofungua vyumba vyote wajue kwamba ili funguo mbili tofauti zifungue kitasa kimoja, pini zinakatwa vipande vya ziada, na kila kipande cha ziada ni sehemu nyingine ambayo kitasa kinaweza kufunguka, kwahiyo umemrahisishia mtu wa sindano kwa hela yako mwenyewe.

Nirudi kwa mzee wangu, maana hoja yake kubwa ilikuwa kwamba mambo haya yakae kimya, yasisemwe hadharani. Hoja hii ina umri mkubwa. London, kwenye dirisha la duka la Joseph Bramah mtaa wa Piccadilly, tangu mwaka 1790 kulikuwa na kufuli imewekwa na tangazo kwamba atakayetengeneza kifaa cha kuifungua atalipwa gini 200, hela ya zamani ya Waingereza. Zaidi ya miaka 60 ikakaa pale, watu wote wanaamini haifunguki. Mwaka 1851 akaja fundi wa Kimarekani, Alfred Charles Hobbs, wakati wa yale maonyesho makubwa ya London, kwanza akafungua kitasa cha Chubb mbele ya mashahidi kwa dakika 25, kitasa ambacho Waingereza walikitegemea na kilikuwa na mtego wa kujifunga kikichokonolewa, afu akaenda kwenye ile ya Bramah akafanya kazi masaa 51 kwa siku 16, ikafunguka, akalipwa. Watu walikasirika sana, magazeti yakaandika, wengine wakasema anafundisha wezi. Hobbs aliwajibu kwamba wahuni wanajua kazi yao kuliko sisi tunavyoweza kuwafundisha. Na kilichofuata ni kwamba viwanda vilirudi kwenye karakana vikaanza kutengeneza vitasa bora, Chubb wakiwemo. Wangemziba mdomo Hobbs, wale waliokuwa na vitasa vile wangeendelea kulala usingizi wa pono wakiamini kitu ambacho hakipo.

Na hapa Dodoma tunalala hivo hivo. Kuna mama mmoja mwenye duka la nafaka alinijia na kufuli kubwa nzito, jina maarufu limechongwa mbele, rangi ya shaba inang'aa, funguo ilivunjikia ndani. Aliinunua elfu kumi na nane kwenye duka moja mjini, akaambiwa original. Nikaingiza sindano nikaichokoa mbele nyuma, ikafunguka kabla mama hajamaliza kunieleza funguo ilivyovunjika. Nikamuomba ruhusa niipasue. Matundu ya pini yalikuwa matano, safi kabisa, yametobolewa kama kitu halali, ila yaliyokuwa na pini na springi ni matatu, mawili yako wazi hayana kitu. Na pini zenyewe vimo vyake vinafanana karibu vyote. Nilipoisugua kwa tupa, shaba ilikuwa ngozi tu, ndani ni kitu cheupe cheupe chepesi kuliko shaba, uzito wote ulikuwa kwenye ile pete ya juu na kipande cha chuma kilichochomekwa chini. Mama wa watu alinyamaza, afu akauliza, sasa miaka yote hii mahindi yangu yalikuwa yanalindwa na nini.

Tupige hesabu kidogo. Kufuli ya pini tano, kila pini ikiwa na vimo sita vinavyowezekana, inatoa funguo tofauti 7,776. Ya pini tatu zenye vimo vinne inatoa 64, basi. Sitini na nne. Kiwanda kikimwaga kufuli laki moja za namna hiyo madukani, kuna watu zaidi ya elfu moja na mia tano wana funguo inayofungua ya kwako, na wengine ni majirani zako. Ulaya wana kiwango chao cha silinda, kinaitwa EN 1303, daraja la chini kabisa linadai angalau funguo tofauti 100 na daraja la juu linadai 100,000. Ile kufuli ya yule mama isingefika hata daraja la chini. Na huwezi kuliona hili kwa nje, wala kwa bei, wala kwa uzito, wala kwa jina. Anayeliona ni yule anayefungua, kijana aliyekaa na sindano jumapili, anayekwambia hii ina pini tatu, hii ina pini za kiuno mbili, hii usinunue. Hao ndo macho yetu.

Kuhusu sheria, hatuko gizani. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamshika mtu anayekutwa usiku na vifaa vya kuvunjia nyumba bila sababu halali, na hiyo ni sawa kabisa, ndo maana vifaa vyetu vinakaa mezani na havitembei mifukoni usiku. Na tunafata kanuni mbili zilezile zinazofatwa na vyama vya wenzetu wanaofungua kufuli kama mchezo, Ujerumani kuna SSDeV tangu mwaka 1997, Uholanzi kuna TOOOL, hadi mashindano wanafanya: hufungui kufuli isiyo yako bila ruhusa ya mwenyewe, na hufungui kitasa kinachotumika, hata kama ni cha kwako. Hii ya pili watu wanaidharau, ila ukikosea pini inakwama au springi inapinda, afu usiku huo mke na watoto wako nje ya mlango. Kijana akivunja ya kwanza hana nafasi kwenye meza yetu na tunawaambia wazazi wake. Wazazi wengi wanawaleta wenyewe, wanakaa nao, wanaona mtoto aliyekuwa haachi simu ametulia masaa na kipande cha shaba anafikiri. Mzee wangu nae anakaribishwa, aje na kufuli ya geti lake na funguo zake, tuipasue mbele yake kama akiridhia, tumhesabie pini.

Naomba mambo matatu. VETA na vyuo vingine vya ufundi, mnafundisha useremala na uchomeleaji, fundi anafunga mlango wa mamilioni anaweka kitasa ambacho hajui ndani kuna nini, ongezeni hata wiki moja ya vitasa kwenye hayo mafunzo. TBS, mkienda madukani msiangalie boksi na nembo, pasueni moja katika kila mzigo. Na wauzaji wa vitasa wa hapa mjini, wekeni kaunta kufuli moja iliyopasuliwa katikati kwa kila aina mnayouza, mteja aone pini na springi kwa macho yake kabla hajatoa hela. Na wewe mnunuzi nenda na sumaku mfukoni, muuzaji akikwambia mwili wote ni shaba halafu sumaku ikanata, rudisha. Isiponata bado usiamini moja kwa moja, maana ile ya yule mama ubavuni sumaku isingenata, muombe muuzaji akuonyeshe ya aina hiyo iliyopasuliwa uhesabu pini, na kama hataki kukuonyesha nenda duka la pili.

Fundi funguo,
Majengo, Dodoma